BOYA LIMEHARIBU PAMBA, LAKINI LIMEMUOKOA DIJEI: Kisa cha boti la Nanenane kutoka Rasbura, Lindi

Kuna dijei mmoja wa Lindi mjini, mtoto wa Rasbura kabisa, ambaye ukienda kwenye ukurasa wake wa Instagram utadhani ni samaki. Picha za ufukweni kama zote. Mara kakaa juu ya ngalawa, mara kasimama maji yakiwa magotini, mara miwani ya jua na bahari nyuma yake. Maneno ya chini ni yale yale: mtoto wa pwani.

Jamaa hajui kuogelea.

Hiyo ilikuwa siri yake kwa miaka 24. Washkaji zake hawajui, mashabiki wake hawajui, na ukimuuliza atakwambia leo mafua, siku nyingine. Na wala hayuko peke yake. Wapo vijana kibao wa Kilwa, Lindi na Mtwara waliozaliwa wakisikia mawimbi usiku na mchana, lakini maji yakifika kifuani wanarudi nyuma.

Siri hiyo ndiyo karibu imtoe roho, Nanenane ya mwaka juzi.

Mchongo ulivyoanza

Wadau wanaijua Lindi ikifika Agosti. Maonesho ya wakulima ya kanda ya kusini yanafanyika viwanja vya Ngongo, nyumba za wageni zinajaa, bodaboda wanapandisha bei, na kila mwenye spika anapata pa kupiga. Msimu huo alikuwa anashuka mrembo mmoja kutoka Dar, yule anayechekesha watu kwa video za kuigiza mama mkwe, wafuasi laki tano na ushee. Akamtumia dijei ujumbe: anakuja na marafiki zake watatu, anataka boti, anataka machweo, anataka picha za maana.

Kwa kijana anayepiga muziki kwenye harusi na vigodoro, ujumbe kama huo ni sawa na kuokota dhahabu. Hakulala. Asubuhi akatengeneza tangazo la Boti la Machweo: kuvuka ghuba mpaka Kitunda, mishkaki, soda, muziki, na kupiga picha na staa. Kiingilio 25,000 kwa kichwa.

Ndani ya siku mbili watu 19 wakawa wameshatuma mpunga kwenye simu. Piga hesabu hapo: 475,000. Staa na watu wake watatu bure, na yeye mwenyewe. Jumla watu 24. Akakodi spika, akalipia nyama na mkaa, akaagiza soda. Zikaondoka 180,000.

Kitu kimoja tu alikuwa hajafanya. Hajaongea na mwenye boti.

Mjomba akagoma

Mwenye boti ni mjomba wake, kaka wa mama yake wa tumbo moja. Na kwa watu wa kusini, mjomba siyo mtu wa kubishana naye hovyo. Ana boti ya fiba yenye mashine ya 40, inavusha watu, na siku nyingine inakwenda kuvua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa. Kazi gani imekuleta? Maana huku kwangu huwa unakuja kupiga picha tu."

Akaeleza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Wangapi?"

"Ishirini na nne."

"Boti imeandikishwa abiria kumi na wawili. Maboya ninayo kumi na manne, ya abiria na mimi na baharia wangu. Hao wengine watakaa wapi, kwenye mapaja?"

Dijei akaleta zile stori za mjini: ni hapo tu Kitunda, ng'ambo unaiona kwa macho, maji ya ghuba siyo bahari kuu. Mjomba akacheka kidogo. Akamwambia watu wengi hawafi mbali, wanafia pale wanapoiona nchi kavu.

Na hapo mzee hakuwa anatisha watoto. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Ziwa Victoria kikiwa kimebakiza mita chache kufika gati ya Ukara, kule Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Watu walikuwa wanaiona nchi kavu, wengine wameshashika mizigo yao wanajiandaa kushuka.

Mjomba akatoa masharti yake. Safari mbili, kumi na wawili kwa kila safari. Kila mtu na boya lake, limefungwa. Na siyo machweo. Kuondoka saa moja asubuhi, safari ya pili saa tatu na nusu, na saa sita boti iwe imeshatia nanga.

"Mjomba, sasa machweo bila jioni yanakuwaje?"

"Mwezi huu ni kusi, mpwa. Asubuhi bahari imelala. Jua likipanda upepo unaamka nalo. Jioni maji yakiwa yanapwa, yanatoka nje ya ghuba, na upepo unaingia ndani, vinakutana uso kwa uso. Wimbi linasimama kama ukuta. Hapo ndiyo unataka kupiga picha?"

Kijana akaondoka kanuna.

Mwenye boti wa pili

Unajua tena mjini, ukikosa hapa unapata pale. Jioni ile ile akapata jamaa mwenye mashua kubwa, umri kama wake, mchangamfu, mchezaji muziki. Huyu hakuuliza wangapi. Alisema leta hata thelathini, machweo ndiyo yenyewe, na bei akashusha chini ya mjomba.

Dijei akaenda kuiangalia. Kwa picha, mashua ilikuwa kali, imepakwa rangi mpya, bluu na nyeupe. Lakini alipokaa pale robo saa akaona kitu. Dogo mmoja alikuwa anafua maji kwa kopo. Anachota, anamwaga, anachota, anamwaga. Hawajaondoka hata hatua moja, mashua imefungwa kamba, na maji yanaingia.

Akauliza maboya yako wapi. Akaoneshwa matatu, yamechakaa, moja halina mkanda. "Kwani nyie watu wa pwani mnaogopa maji?" jamaa akamuuliza huku anacheka.

Hapo ndipo ilipomchoma. Kwa sababu yeye alikuwa anaogopa. Siku zote. Ila hakuwahi kuulizwa mbele za watu.

Usiku akafungua simu kumpotezea mawazo, akakutana na stori ya Uganda. Jumamosi ya Novemba 24, 2018, Ziwa Victoria upande wa Mukono. Boti ya starehe, MV Templar, muziki juu, vinywaji, watu wa mjini wenye majina. Ndani alikuwemo mpaka ndugu wa Kabaka wa Buganda na mwanamuziki mmoja mkubwa wa kike, hao wawili walinusurika. Boti ilikuwa imebeba watu karibu mara mbili ya uwezo wake, na haikuwa na leseni. Iliripotiwa kwamba maboya yalikuwepo, ila wapo abiria waliokataa kuvaa. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mwenye boti naye akafa, na mkewe.

Hiyo ilikuwa ni bata tu. Watu walitoka nyumbani wamependeza. Hakuna aliyetoka nyumbani akiwa na mpango wa kufa.

Dijei akaangalia orodha yake ya watu 24 kwenye simu. Nusu yao anawajua majina ya utani, mama zao hawajui hata kama wanakwenda baharini. Halafu akawaza: likitokea la kutokea, yeye mwenye kukusanya hela ndiye wa kwanza kutafutwa. Na yeye huyo huyo ndiye wa kwanza kuzama.

Saa tano usiku akamtumia staa ujumbe kwamba ratiba imebadilika, ni asubuhi, safari mbili, na boya ni lazima. Jibu lilikuja na uso wa kununa na maneno manne: "Sasa pamba nitavaa wapi?"

Siku yenyewe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukweni. Staa kaja na gauni jeupe refu, nywele zimelazwa, kucha mpya. Wale wa safari ya kwanza, saba waliolipa, wamefika wakipiga miayo. Wa safari ya pili wameshaanza kulalamika kwenye kundi la WhatsApp kwamba wameuziwa machweo wanapewa jua la asubuhi, huyu dijei kimeo.

Mjomba akawapanga kama watoto wa shule. Akamvisha kila mmoja boya, na siyo kuvisha tu. Anavuta mkanda, anapitisha ule wa katikati ya miguu, anashika mabegani na kulinyanyua juu. Likipanda mpaka kidevuni, halijakaza, anaanza upya. Akawaeleza kwamba boya lisilofungwa ni mzigo tu: ukiangukia majini linapanda lenyewe juu, wewe unashuka chini.

Kwa staa kukawa na kimbembe. Chungwa juu ya gauni jeupe!

"Mzee wangu, nikae nalo mkononi. Tukifika kwenye mawimbi navaa."

"Binti yangu, gari likigonga ndiyo unafunga mkanda?"

Watu wakacheka. Staa akavaa huku amevimba. Dijei naye akajifunga la kwake kijuujuu, mkanda wa miguuni akauacha unaning'inia kwa sababu ulikuwa unakunja suruali. Mjomba hakusema neno. Alikuja, akainama, akaufunga mwenyewe mbele ya watu wote, kama mama anavyomfunga mtoto viatu. Aibu ya mwaka.

Kabla ya kuondoka mzee akafanya mambo mengine ambayo hakuna aliyempiga picha. Akahesabu watu kwa kidole. Akaangalia mafuta na dumu la akiba. Akamuuliza baharia kama kamba na kopo la kufulia maji vipo. Simu yake akaitia kwenye mfuko wa nailoni akafunga fundo. Halafu akampigia mke wake: tumeondoka watu kumi na wanne, tunakwenda Kitunda, saa tatu tusipoonekana uliza. Taarifa ya hali ya hewa ya TMA alikuwa ameshaisikiliza redioni jana yake usiku. Dakika kumi, kwisha.

Kwenda ilikuwa raha tupu. Bahari kama chai kwenye sahani. Kitunda wakachoma mishkaki, wakapiga picha, na kusema kweli jua la asubuhi lilimkubali staa kuliko machweo yoyote. Akaanza kuchangamka.

"Kaeni chini!"

Wakachelewa kidogo kuondoka. Ilikuwa inaelekea saa tatu na upepo ulishaanza kuamka. Maji yanapwa, kusi linaingia, na yale mawimbi mafupi mafupi aliyoyasema mjomba yakaanza kusimama. Siyo makubwa. Yale ya kukurusha kidogo na kukurushia maji usoni.

Staa akataka video ya mwisho, upepo ukipeperusha nywele. Dijei, anayetafuta jina, akainuka akapanda mbele kabisa, kwenye omo, simu mkononi, mgongo kwa wimbi.

"Kaa chini wewe!" mjomba akapiga kelele kutoka kwenye mashine.

Hakumaliza. Boti ikapanda, ikashuka, na mbele hapakuwa na mtu.

Anavyosimulia mwenyewe, kitu cha kwanza kilikuwa ni kimya. Muziki ukakatika ghafla kama umeme umezimwa. Halafu chumvi puani, kijani machoni, na miguu inatafuta chini ambako hakuna. Akahesabu sekunde chache ambazo anaapa zilikuwa saa nzima. Halafu kitu kikamkaba kwenye mapaja na mabegani kikamvuta juu, kichwa kikatoka, akapumua. Ni ule mkanda. Ule ule wa aibu.

Ila hatari kubwa haikuwa majini. Ilikuwa ndani ya boti. Abiria 11 waliobaki walifanya kitu ambacho binadamu yeyote angefanya: wote wakainuka, wote wakakimbilia upande aliodondokea, nusu wanyooshe mikono, nusu wanyooshe simu. Boti ikalala upande. Maji yakaanza kuchungulia ndani.

"KAENI CHINI! Kila mtu mahali pake! Mkisogea tunakufa wote!"

Sauti ya mzee ile, wanasema hata wavuvi wa mbali waligeuka. Watu wakaanguka chini, kwenye sakafu, na boti ikarudi kusimama. Baharia peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuinuka, akawa anamnyooshea kidole dijei bila kuondoa macho, maana kichwa cha mtu kati ya mawimbi kinapotea haraka ukigeuka hata kidogo. Mjomba akazungusha boti taratibu, akaja kwa upande wa upepo, na alipomkaribia akazima mashine kabisa. Panga la mashine halijui ndugu. Wakamrushia kamba, wakamvuta kwa ubavuni. Akatapika chumvi. Hakuna aliyecheka.

Mzee akahesabu tena kwa kidole. Kumi na wanne. Akawasha mashine.

Gharama yake

Walipofika nchi kavu wale 12 wa safari ya pili walikuwa wanasubiri, wamependeza. Mjomba akaangalia bahari, akatikisa kichwa. Leo basi.

Hapo ndipo dijei alipoonja joto ya jiwe. Wapo waliotukana palepale. Wapo waliosema wanamfahamu mwenye mashua ya bluu, yuko tayari sasa hivi, twende. Akiwa bado amelowa, meno yanagongana, akawaambia hela zao zinarudi zote. 25,000 mara 12 ni 300,000. Kwenye simu alikuwa na 295,000. Na mafuta ya mjomba, 60,000, hayajalipwa. Mama yake akamkopea 65,000 kwenye kikoba.

Bonge la hasara, na jina likachafuka. Kwa wiki nzima stetasi za Lindi zilikuwa ni yeye: tapeli wa machweo, mtoto wa pwani anayeogopa maji. Ile mashua ya bluu nayo iliondoka jioni ile na baadhi yao, na ikarudi salama. Hiyo ndiyo ilimuuma kuliko zote. Angalau wangepata taabu kidogo, aonekane alikuwa sahihi! Lakini ndivyo ilivyo: boti mbovu inaweza kurudi salama mara hamsini, na kila ikirudi inakudanganya kwamba ni nzima.

Staa alikuwa na video nzima ya kudondoka. Akamwuliza kama airushe. Watu wake walitaka iwekewe wimbo wa kuchekesha. Dijei akafikiria siku mbili akamjibu: rusha, ila usikate pale mzee anaponifunga mkanda.

Ikarushwa hivyo hivyo. Walicheka, ndiyo. Walimtania mpaka basi. Lakini chini ya video kuna wanaoandika majina ya ndugu zao waliozama, mmoja baada ya mwingine, Mwanza, Pemba, Kilwa, Kigoma. Dijei alizisoma zote.

Sasa hivi

Mjomba alikataa kulipwa ile 60,000 mara mbili, ya tatu akaipokea. Ila alitoa sharti moja: mpwa asipande tena boti yake mpaka ajue kuelea.

Basi ukipita ufukweni Rasbura alfajiri, maji yakiwa yametulia, unaweza kuona kundi la watoto wa darasa la tatu na la nne wakicheza majini, na katikati yao bonge la mtu mwenye ndevu, kalala chali, macho yamefumbwa kwa woga, mzee mmoja kamshika mgongoni kwa kiganja. Watoto wanamcheka. Anazama, anakohoa, anaanza tena. Siku hizi kiganja kikiondolewa anakaa juu kama dakika moja hivi.

Hiyo hajaiposti.

Na wewe unayepanga boti wikiendi hii, iwe Kilwa Kisiwani, Mbudya, Mwanza au popote, mzigo siyo mkubwa. Uliza boti imeandikishwa watu wangapi, na TASAC wapo kwa kazi hiyo ya kukagua. Hesabu maboya kabla ya kuhesabu soda. Lifunge, mikanda yote. Kaa chini. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na unarudi saa ngapi. Ikipinduka, ng'ang'ania boti, usijitie kuogelea kufuata nchi unayoiona. Kuita msaada ni 112 polisi au 114 Zimamoto na Uokoaji. Nahodha akisema leo basi, ni basi.

Haya wadau, tuambieni: ungekuwa wewe ni dijei, watu 19 wameshalipa na staa yuko mjini, ungepanda mashua ya nani? Na je, wewe unajua kuogelea kweli, au na wewe ni samaki wa Instagram? Funguka hapo chini.